Tohara ya Siku ya Nane



Majuma mawili yaliyopita nilizungumzia kampeni ya tohara ya wanaume katika mikoa ambayo zamani haikuwa na desturi hiyo. Nilieleza jinsi Shirika la Afya Duniani lilivyoipendekeza mwaka 2007, baada ya uchunguzi uliofanyika Afrika Kusini, Kenya na Uganda kuonyesha kwamba tohara hupunguza kwa kiasi cha asilimia 60 hatari ya mwanamume kuambukizwa virusi vya UKIMWI na mwanamke. Nikataja usafi, nikataja magonjwa, nikaaga. Nilidhani nimemaliza. Kumbe nimechokoza nyuki.

Katika barua nilizopokea, moja ilinikalisha kitako. Imetoka kwa mama mmoja wa Mbagala. Anasema amewatahirisha wanawe wawili hospitali, kwa ganzi na kwa usalama, na watoto walipona bila taabu. Kisha babamkwe akaja kutoka shamba. Mzee aliposimuliwa akatikisa kichwa, akasema, "Hiyo si tohara, hiyo ni operesheni." Tangu siku hiyo nyumba imechafuka. Mama ananiuliza mambo mawili. Kwanza, mzee ana maana gani? Pili, na hapa namnukuu, "Kama Mungu alitaka mwanamume awe hivyo, mbona hakumwumba hivyo tangu mwanzo?"

Swali hili la pili nililisoma mara tatu, maana nilikuwa nalifahamu. Limekwisha kuulizwa zamani, yapata miaka 1,900 iliyopita, na aliyeuliza alikuwa gavana wa Kirumi akizungumza na mzee mmoja wa Kiyahudi. Nitawaeleza alijibiwa nini. Lakini nimeona kwanza tukae na Wayahudi wenyewe, watu ambao wameishika tohara kwa gharama ambayo wengine wasingekubali kuilipa, na ambao hawakuishika kwa kuambiwa na daktari.

Nilipokuwa nikisomea stashahada ya uandishi wa habari, tulikuwa na mwalimu aliyependa kutuambia kwamba ukikwama na habari, anza na neno lenyewe. Basi tuanze na neno. Tohara limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni usafi, ule utohara wa mtu anayejiandaa kusali. Kwa hiyo Mswahili akitamka tohara, hata kama hafikiri, amekwisha kusema kusafishwa. Ndiyo maana kampeni ya afya imetuingia kwa urahisi. Lugha ilikuwa imeitengenezea njia.

Wayahudi wao husema brit mila. Msikilizaji, sikio lisikudanganye. Mila hii siyo ile ya mila na desturi. Mila ya Kiebrania ni kule kukata, na brit ni agano. Usafi haukutajwa. Na kuna jambo jingine la kupendeza. Katika Kiebrania cha Biblia agano halifungwi wala halitiwi saini. Agano hukatwa, kama sisi tunavyokata shauri. Katika sura ya 15 ya kitabu cha Mwanzo, Ibrahimu anapofanya agano na Mungu wake, wanyama hupasuliwa vipande viwili, na moto ukapita katikati ya vipande. Sura mbili baadaye anaambiwa kwamba alama ya agano sasa itakuwa katika mwili wake mwenyewe. Mkataba wa watu wengine huwekwa kabatini. Huu mtu analala nao na kuamka nao.

Habari yenyewe mnaijua, maana Waislamu na Wakristo nao humhesabu Ibrahimu kuwa baba wa imani yao. Alikuwa na umri wa miaka 99. Mwanawe Ishmaeli, ambaye Waislamu wanamwita Ismail, alikuwa na miaka 13. Walitahiriwa siku moja, pamoja na wanaume wote wa nyumba ile, aliyezaliwa humo na aliyenunuliwa kwa fedha. Mwaka uliofuata akazaliwa Isaka, naye akatahiriwa akiwa na siku nane. Mwanahistoria Josephus, Myahudi aliyeandika katika karne ya kwanza, anasema Waarabu wa zamani walitahiri wana wao baada ya mwaka wa 13 kwa kumfuata Ishmaeli, na Wayahudi siku ya nane kwa kumfuata Isaka.

Lakini tusidhani kwamba Ibrahimu ndiye aliyevumbua kisu. Huko Saqqara, Misri, katika kaburi la ofisa mmoja aitwaye Ankhmahor, kuna mchongo ukutani unaoonyesha vijana wakitahiriwa, na mchongo huo una umri wa zaidi ya miaka 4,000. Nabii Yeremia anawataja Wamisri, Waedomu, Waamoni na Wamoabu kuwa nao wametahiriwa. Kwa hiyo tendo lilikuwa la wengi. Wayahudi walichofanya ni kuipa tohara siku nyingine na maana nyingine, na ukiniuliza mimi, nitakwambia ufunguo wote uko katika siku hiyo.

Niruhusuni nijieleze kidogo. Mimi nilitiwa jandoni nikiwa na miaka tisa, kusini mwa pwani, katika kundi la watoto kumi na wawili. Tulilala kumbini, tukafundishwa nyimbo ambazo mpaka leo siwezi kuziimba mbele ya watoto wangu. Tuliambiwa neno moja kila asubuhi na kila jioni: usilie. Siku ilipofika, wazee walikuwa wakitazama uso tu. Mwenzetu mmoja aliguna, basi akachekwa mpaka ndevu zikamwota. Jando letu lilikuwa mtihani, na tuliofaulu tulirudi kijijini kwa vigelegele, nguo mpya na majivuno makubwa.

Sasa mtoto wa siku nane utamtahini nini? Hajui kuwa yuko duniani. Atalia, na hakuna atakayemcheka. Hawezi kuwa shujaa, hawezi kukubali wala kukataa, hawezi kesho kusimama kijiweni akajisifu. Wayahudi wamekitazama kitu hiki ambacho sisi tumekifanya mlango wa uanaume, wakakipeleka kwa mtu ambaye hana uanaume wowote wa kuonyesha. Kwa maana hiyo agano kwao halikuwa zawadi ya ujasiri. Linamtangulia mtu. Anaamka katika akili zake, akiwa na miaka mitatu au minne, anakuta amekwisha kuwa ndani.

Mtihani upo, lakini umehamia kwa baba. Kwa sheria yao wajibu wa kumtahiri mtoto ni wa baba mwenyewe. Baba asipotimiza, baraza la sheria la Kiyahudi linapaswa kutimiza. Nalo likishindwa, mtoto akikua ni juu yake mwenyewe. Kwa kuwa akina baba wengi hawana ujuzi huo, humpa kazi mtaalamu aitwaye moheli, lakini moheli ni wakala tu. Mahali pengi baba humkabidhi kisu kwa mkono wake, ili ijulikane kazi ni ya nani.

Kuhusu idadi ya siku, wanazuoni wao wamesema mengi. Rabi mmoja wa Prague aitwaye Maharal, aliyefariki mwaka 1609, alieleza kwamba saba ni hesabu ya maumbile, kwa sababu dunia ilikamilika kwa siku saba. Nane ni hatua inayovuka maumbile. Lakini mimi napenda zaidi maelezo ya wahenga wao wa zamani, ambayo yamo katika tafsiri zao za Mambo ya Walawi. Wanasema ni sawa na mfalme aliyetoa amri kwamba mgeni yeyote asiuone uso wake kabla hajaonana na malkia. Malkia ni Sabato. Hesabu siku saba kutoka popote utakapo, lazima utakutana na Sabato moja ndani yake. Kwa hiyo mtoto anapiga hodi kwa malkia kwanza, kisha ndipo anaingia kwa mfalme. Hapo mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Sasa nirudi kwa gavana wetu. Jina lake Tineius Rufus, ambaye Wayahudi humwita Turnus Rufus, na aliitawala Yudea wakati wa Kaisari Hadrian. Mzee aliyezungumza naye ni Rabi Akiva, mmoja wa walimu wakubwa kabisa wa Wayahudi. Mazungumzo yao yamehifadhiwa katika mapokeo. Gavana alianza kwa mbali. Aliuliza, kazi ya Mungu na kazi ya mwanadamu, ipi ni nzuri zaidi? Alitegemea mzee aseme ya Mungu, ndipo amnase: kama ni hivyo, kwa nini mnaikatakata? Akiva akauona mtego. Akasema kazi ya mwanadamu ni nzuri zaidi. Gavana akashangaa, akamwuliza kama mwanadamu anaweza kuumba mbingu na nchi. Akiva akamwambia tuzungumze juu ya mambo yaliyo katika uwezo wa watu, akaagiza yaletwe masuke ya ngano na mikate. Haya masuke ni kazi ya Mungu, akasema, na hii mikate ni kazi ya mwanadamu. Wewe ungekula nini?

Gavana hakukata tamaa. Akauliza lile swali la mama wa Mbagala, kwamba kama Mungu wenu anaitaka tohara, mbona mtoto hatoki tumboni akiwa ametahiriwa? Akiva akamjibu kwa swali. Mbona mtoto hutoka na kitovu kimemshikilia mama yake, nanyi mnakikata?

Mama, hilo ndilo jibu lililotolewa wakati ule. Halikuwa la kukwepa. Lilikuwa na fikra nzito ndani yake: kwamba dunia iliachwa makusudi ikiwa haijamalizika. Ngano haikuumbwa mkate na kitani haikuumbwa shati. Na mtu naye haumbwi mtu kamili, amebakiziwa kazi. Kitabu kimoja cha Wayahudi wa Hispania cha karne ya 13, kiitwacho Sefer ha-Hinukh, kinalieleza jambo hili vizuri, kwamba Mungu aliacha ukamilifu wa mwili mikononi mwa mtu ili mtu ajue kuwa ukamilifu wa roho nao umeachwa mikononi mwake. Yaani kisu ni fundisho la kwanza tu. Kazi kubwa inakuja baadaye, na haifanywi na moheli.

Akiva mwenyewe aliuawa na Warumi. Nitafika huko.

Hebu kwanza niwapeleke kwenye sherehe yenyewe. Hufanywa mchana, mara nyingi asubuhi, nyumbani au katika sinagogi. Mtoto huletwa, na watu husimama kumpokea kama wanavyosimama kwa mgeni wa heshima. Kuna kiti kinachoachwa wazi. Mtoto huwekwa pale kitambo kidogo kisha huondolewa. Hicho ni kiti cha nabii Eliya. Kisa chake ni kwamba Eliya, alipokuwa amekimbilia mlimani, alilalamika mbele za Mungu kuwa Waisraeli wameliacha agano. Mapokeo yanasema akaambiwa kwamba kwa kuwa umewasema, basi utahudhuria kila tohara yao ujionee. Nimelipenda jambo hilo. Msemaji wa watu amepewa kazi ya ushahidi, tena isiyokwisha. Sisi waandishi wa habari tungepewa adhabu kama hiyo sijui wangapi tungebaki na kalamu.

Kisha mtoto hupakatwa na mzee anayeheshimiwa, mara nyingi babu, aitwaye sandeki. Moheli hufanya kazi yake kwa dakika chache. Waliohudhuria humwombea mtoto kwamba, kama alivyoingia katika agano, ndivyo aingie katika kusoma Torati, katika ndoa na katika matendo mema. Hapo ndipo hupewa jina. Tangu azaliwe alikuwa hajatangaziwa jina. Jina na agano huja pamoja. Halafu watu hula.

Msifikiri kwamba Wayahudi hawakuona ugumu wa jambo hili. Mussa bin Maimun, ambaye Wazungu humwita Maimonides, alikuwa mwanasheria, mwanafalsafa na tabibu huko Misri, akafariki mwaka 1204. Aliandika kwamba faida moja ya tohara ni kupunguza tamaa, na nyingine ni kuwapa watu wote wanaomwamini Mungu mmoja alama moja ya mwilini, isiyo rahisi kuighushi. Kwa nini basi afanyiwe mchanga? Akatoa sababu tatu. Akiachwa akue, huenda akakataa. Mtoto mdogo maumivu yake si kama ya mtu mzima. Na ya tatu ndiyo iliyonigusa: alisema upendo wa mzazi kwa mtoto hukua kadiri anavyomtazama, na ukichelewa miaka miwili au mitatu, baba atamwonea huruma asiweze. Huyu ni tabibu anayejua kwamba anaomba jambo zito. Na ni yeye huyo huyo aliyeandika kwamba mtoto mgonjwa hatahiriwi kamwe mpaka apone, kwa sababu tohara inaweza kufanywa baadaye lakini uhai ukitoka haurudishwi. Sheria yao ya kale inasema mama akiwa amepoteza wana wawili kwa sababu ya tohara, wa tatu asitahiriwe. Madaktari wa leo wanaona katika sheria hiyo ugonjwa wa damu isiyoganda, uliotambuliwa karne nyingi kabla haujapewa jina.

Hata Sabato, ambayo kwao haichezewi, hupisha tohara ikiwa siku ya nane imeangukia humo. Lakini tohara nayo hupisha uhai.

Nije sasa kwenye roho, kwa sababu hilo ndilo mzee wa shamba alilolitafuta, nadhani. Katika Biblia ya Kiebrania neno govi linatumika mahali ambapo hatulitegemei. Musa anapotumwa kwa Farao anajitetea kwamba midomo yake haijatahiriwa, yaani ulimi wake mzito. Matunda ya mti mchanga kwa miaka mitatu ya kwanza yanahesabiwa kuwa hayajatahiriwa, basi hayaliwi. Na katika Kumbukumbu la Torati watu wanaambiwa waitahiri mioyo yao. Yeremia ndiye mkali kuliko wote. Anawataja hao Wamisri na majirani wengine, anaiweka Yuda katikati ya orodha ile ile, halafu anasema nyumba ya Israeli haijatahiriwa moyoni. Govi kwa manabii hawa ni ule utando unaoziba kitu kisifanye kazi yake: mdomo usiseme, sikio lisisikie, moyo usiguswe.

Hapo mtu mwerevu angeweza kusema, basi, kama maana ni moyo, mwili tuuache. Swali hilo liliulizwa mapema. Filo, Myahudi wa Iskanderia wa zama za Yesu, alifundisha kwamba tohara ni ishara ya kukata anasa zinazopita kiasi na kiburi cha mtu kujiona kuwa ndiye mwumbaji. Lakini akawakemea waliotaka kubaki na ishara na kutupa tendo. Alisema tendo ni kama mwili na maana ni kama roho, na anayeijali roho hana budi kuitunza nyumba yake. Miaka michache baadaye mtume Paulo alishika njia nyingine, akasema watu wa mataifa wanaoingia katika imani mpya wasitahiriwe, tohara ya moyo yatosha. Hapo njia za jamaa wawili zilianza kuachana, na sehemu kubwa ya ugomvi ilikuwa juu ya kipande hiki kidogo cha ngozi.

Na binti je? Torati haikumwamuru mtoto wa kike kukatwa chochote, na Talmudi inamhesabu mwanamke wa Kiyahudi kana kwamba ametahiriwa tayari. Tangu miaka ya 1970 wazazi wengi wamekuwa wakimfanyia binti sherehe ya kumpa jina na kumwingiza katika agano, bila wembe. Nalisema hili wazi ili asitokee mtu akatumia mazungumzo haya kutetea ukeketaji, ambao sheria yetu ya mwaka 1998 imeupiga marufuku kwa wasichana walio chini ya miaka 18.

Sasa gharama. Mwaka 167 kabla ya Kristo, mfalme Antioko wa Nne aliharamisha tohara. Kitabu cha Kwanza cha Wamakabayo kinasimulia kwamba akina mama waliotahirisha watoto wao waliuawa, na watoto wao wachanga wakaning'inizwa shingoni mwao. Wakati huo huo walikuwapo Wayahudi waliojitengenezea govi upya ili wasichekwe katika michezo ya Kigiriki, ambako watu walicheza uchi. Kisha akaja Hadrian, naye akapiga marufuku. Wanahistoria bado wanabishana kama marufuku hiyo ndiyo iliyowasha vita vya mwaka 132 hadi 135 au ilikuja baada yake. Rabi Akiva aliuawa katika mateso ya kipindi hicho. Yule aliyejibu kwa mikate hakupewa nafasi ya kujibu tena.

Mrukeni miaka 1,800. Katika Vita Kuu ya Pili, Myahudi wa Ulaya angeweza kubadili jina, lugha, nguo na hata dini, lakini akivuliwa suruali amekwisha. Kijana Solomon Perel, mzaliwa wa Ujerumani, alijifanya Mjerumani halisi na akaishi ndani ya shule ya vijana wa Hitler huko Braunschweig. Kila siku ya kuoga ilikuwa siku ya kufa. Alijaribu hata kuivuta ngozi ifunike, akaumia bure. Alinusurika, akaandika kitabu, akafariki mwaka 2023. Alama iliyowekwa ili asisahau yeye ni nani ilikuwa karibu kuwaambia wauaji wake yeye ni nani.

Katika Talmudi kuna kisa cha mfalme Daudi hamamuni. Alipovua nguo alihuzunika, akasema, ole wangu, nimesimama hapa mtupu, sina amri hata moja juu yangu. Kisha akakumbuka tohara yake, moyo ukatulia. Nasoma kisa hicho, halafu namkumbuka Perel na bafu la Braunschweig, na nashindwa kusema nani kati yao aliyeijua zaidi.

Msikilizaji asidhani Wayahudi wote wanasema sauti moja. Tangu miaka ya 1840, huko Frankfurt, wapo waliosema Myahudi ni Myahudi hata asipotahiriwa. Leo wapo wazazi, ingawa ni wachache, wanaofanya sherehe ya jina bila kukata, kwa hoja kwamba mwili wa mtoto ni wake. Jijini New York idara ya afya iligombana kwa miaka na baadhi ya moheli waliofyonza damu ya jeraha kwa mdomo, kwa sababu ya hatari ya maambukizi. Na mwaka 2012 mahakama moja ya Cologne, Ujerumani, katika kesi ya mtoto wa Kiislamu wa miaka minne, iliamua kuwa tohara ya kidini ni kumdhuru mtoto. Wayahudi na Waislamu, ambao mengi hawaelewani, walilalamika pamoja. Bunge la Ujerumani likapitisha sheria ya kuiruhusu mwezi Desemba mwaka huo huo. Hoja ya mahakama haikuwa ya kipuuzi. Mtoto hakuulizwa. Lakini Myahudi atakwambia hakuulizwa pia jina, wala lugha, wala wazazi, na kwamba hiyo ndiyo maana ya siku ya nane.

Nimalizie karibu na nyumbani. Huko Mbale, mashariki ya Uganda, kuna Wayahudi Waafrika wanaoitwa Abayudaya. Kiongozi wao wa kwanza alikuwa Semei Kakungulu, Mganda, mkuu wa vita aliyewahi kuwasaidia Waingereza kuitawala nchi ile. Aliisoma Biblia kwa makini, akafika kwenye tohara, akasema lazima tuitii. Wenzake wa dhehebu lake wakakataa, wakamwambia hayo ni mambo ya Wayahudi. Akawajibu kwamba basi mimi ni Myahudi. Mwaka 1919 alijitahiri yeye na wanawe. Amin alipoipiga marufuku dini yao katika miaka ya 1970, walibaki mamia machache.

Lakini tazama walipokaa. Mbale ni nchi ya Wagisu, ambao hutahiri vijana wao hadharani kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, kijana akiwa amesimama wima bila kupepesa jicho. Kwa hiyo huko huwezi kumjua Myahudi kwa kutahiriwa. Mgisu ametahiriwa, Mwislamu ametahiriwa, na aliyekwenda kliniki ametahiriwa. Mwaka 2002 mamia ya Abayudaya walipopokelewa rasmi katika Uyahudi, walipokelewa na watu ambao sheria yao ina kifungu juu ya jambo hili hasa. Mwanamume anayeingia Uyahudi akiwa amekwisha kutahiriwa, labda hospitali au jandoni, hakatwi tena, maana hakuna kilichobaki cha kukatwa. Huchomwa kidogo sana mahali pale, litoke tone moja la damu. Hiyo ndiyo damu ya agano. Kimwili hakuna kilichoongezeka wala kupungua. Kilichokosekana ni kwamba mara ya kwanza hakuna aliyesema ni kwa ajili ya nini.

Mama wa Mbagala, nadhani mzee wako alitaka kusema hivyo, ila alitumia maneno makali. Nami sina kiti cha kumhukumu. Mwanangu alitahiriwa akiwa na siku arobaini, katika zahanati safi, na muuguzi mpole. Mimi nilikaa nje nikisoma ukurasa wa michezo. Nilipoitwa nilimkuta amefungwa bendeji, nikalipa, nikapewa risiti. Sasa ana miaka sita, na juma lililopita alinisikia nikirekodi maelezo yangu ya asilimia 60. Akaniuliza kama na yeye alitahiriwa kwa sababu ya ugonjwa. Nilimwambia ndiyo, kisha nikasema hapana, kisha nikamtuma dukani.

Mzee akija tena, mwekee kiti, umwulize yeye angemwambia nini mjukuu wake siku ile. Akikueleza, tafadhali niandikie. Anwani ni ile ile.